Matembezi ya Nyikani: Jawabu kwa Mama Anayekwenda Bradford



Ama baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), wiki hii tunaijibu barua ya mama mmoja wa Mombasa ambaye, inshallah, mwezi wa Agosti atakwenda Uingereza kumtazama binti yake aliyeolewa katika mji wa Bradford. Binti amemwarifu kwamba yeye, mumewe na watoto wamepanga kumchukua siku moja kwenda kutembea juu ya vilima vya mji mdogo uitwao Haworth. Mama alipowaeleza jamaa zake, mmoja akamwambia kuwa kupanda milima pasina haja ni mambo ya Wazungu, na mwengine akasema mtu mzima mwenye buibui lake hana alichokipoteza porini. Basi anauliza: je, yafaa? Ataswali vipi huko? Na je, hakuna hatari kwa wajukuu?

Swali la kwanza jawabu lake ni fupi. Yafaa, na aende. Lakini wanavyuoni husema kuwa kulihukumu jambo ni tawi la kulijua, kwa hivyo tuanze kwa kupajua mahali penyewe.

Haworth ni mji wa mawe uliokaa ubavuni mwa kilima, yapata kilomita 16 magharibi ya Bradford, katika safu ya vilima vya Pennines. Barabara yake kuu imetandazwa mawe na inapanda kwa ukali. Nilipita huko mara moja kwa ukarimu wa wenyeji wa Bradford, na kabla ya kufika juu magoti yalikuwa yameshanisomea hesabu ya miaka yangu. Nyumba za mwisho zikiisha, huanza nyika. Msomaji asiidhanie kuwa ni kama nyika yetu ya nyuma ya Mariakani, yenye miba na jua. Hii ni nyika ya mlimani, yenye baridi, isiyo na miti ila mmoja mmoja, na upepo wake hauna kizuizi. Imefunikwa na nyasi ngumu na kichaka kifupi kiitwacho hetha, ambacho hakizidi goti. Mwezi wa Agosti hetha huchanua, na vilima vyote vikageuka rangi ya zambarau mpaka macho yanapokoma. Chini yake kuna udongo mweusi wa mboji, ambao ni mimea iliyokufa ikalowa maji kwa karne nyingi pasi na kuoza sawasawa. Udongo huo hujijenga kiasi cha milimita 1 kwa mwaka. Ukiona tabaka la mita 1, basi limechukua kama miaka 1,000, na mtu hulikanyaga kwa hatua moja akapita zake.

Ama kauli ya kuwa kutoka kwenda kuitazama ardhi ni mambo ya Wazungu, huyo aliyeisema hakuifikiria. Abu Daud amepokea kwamba Bibi Aisha (R.A.) aliulizwa juu ya kutoka kwenda nje ya mji, naye akajibu kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akitoka kwenda kwenye zile njia za maji zinazoteremka kutoka vilimani. Akaongeza kuwa mara moja alipotaka kutoka, alimpelekea yeye Bibi Aisha ngamia jike wa sadaka ambaye bado hajafundwa kupandwa, akamuusia awe mpole naye. Hadithi hii tumezoea kuisoma katika mlango wa upole, nayo ni hoja kubwa katika mlango huo. Lakini itazame pia kwa upande wa pili: Mtume wa Mwenyezi Mungu anatoka mjini kwenda kwenye vilima na vijito, na mkewe anapelekewa kipando. Na ile ya kushindana mbio nani asiyeijua? Walikuwa safarini, akawaambia maswahaba watangulie, kisha akashindana na mkewe, na mke akamshinda. Miaka ikapita, Bibi Aisha akaongeza mwili, wakashindana tena, na safari hii Mtume akashinda, akamtania kuwa sasa wako sawa. Waume wanaosoma ukurasa huu baada ya wake zao kuumaliza nawaomba wairudie sentensi hiyo mara ya pili.

Sasa nije kwenye hofu, kwani naona ndiyo iliyobeba barua nzima.

Haworth ina kisa ambacho kinamhusu kila mzazi, ijapokuwa wenyewe si wa dini yetu. Katika nyumba iliyo kando ya kanisa la mji huo, ambayo leo ni makumbusho, aliishi kasisi Patrick Brontë, mtu wa Ireland, aliyefika hapo mwaka 1820. Mwaka uliofuata mkewe akafariki, akamwachia watoto 6, mabinti 5 na mvulana 1. Mabinti wawili wakubwa walikufa mwaka 1825 wangali wadogo. Waliobaki, Charlotte, Emily na Anne, walikua wakisoma vitabu vya baba yao na kutembea nyikani, na mwaka 1847 vitabu vyao wenyewe vikachapishwa London. Walijificha nyuma ya majina ambayo msomaji angeyadhania kuwa ni ya wanaume. (Huku kwetu, miaka 11 baadaye, Mwana Kupona binti Msham wa Pate alimtungia binti yake utenzi, na jina lake akalitaja mwenyewe ndani yake. Hayo niliwaambia wenyeji wangu kule, nao wakashangaa.)

Tarehe 2 Septemba 1824, Emily akiwa na miaka 6, Anne miaka 4 na kaka yao Branwell miaka 7, walikuwa wametoka na watumishi kutembea nyikani. Walichelewa kurudi. Mawingu yakatanda, radi ikaanza, na baba yao akapanda chumba cha juu kuwatazamia dirishani. Akasikia mngurumo wa mbali, na chumba kikatetemeka. Juu ya kilima kiitwacho Crow Hill, udongo wa mboji ulioshiba maji ulikuwa umepasuka, na tope jeusi na mawe vikateremka bondeni kama mto. Watoto walipata mahali pa kujikinga, wakasalimika. Kasisi alidhania kuwa ni tetemeko la ardhi, na baada ya siku chache akalitolea mawaidha mbele ya watu wake.

Mzazi mwengine angalifunga mlango siku ile ile, na nani angemlaumu? Yule hakuufunga. Mabinti waliendelea kwenda nyikani maisha yao yote, Emily kuliko wenzake. Charlotte, baada ya kuolewa, alikwenda na mumewe mwezi wa Novemba 1854 kuyatazama maporomoko ya maji wakati theluji inayeyuka, na mvua ikawakuta huko.

Je, baba huyu alikuwa mzembe? Tazama kilichokuwa kikiua watu Haworth. Mwaka 1850 alikuja mkaguzi wa serikali, Benjamin Babbage, baada ya kasisi mwenyewe kuwa miongoni mwa waliomlilia aje. Mkaguzi alikuta uchafu unapita njiani, maji ya kunywa hayatoshi na si safi, na makaburi yamejaa juu ya mji maji yake yakichuruzika kuelekea majumbani. Katika ripoti yake aliandika kuwa zaidi ya watoto 41 katika kila 100 walikufa kabla ya kutimiza miaka 6, na kwamba wastani wa umri wa wanaokufa mjini hapo ulikuwa chini ya miaka 26. Kifo kilikuwa chini, majumbani na visimani. Ile nyika yenye upepo, ambayo ndiyo iliyomtia baba hofu siku moja ya radi, ilikuwa salama kuliko barabara ya kanisani kwake. Yeye mwenyewe aliishi mpaka mwaka 1861, umri wa miaka 84, akiwa ameshafiwa na wote 6.

Nimelirefusha jambo hili kwa sababu naona tunawafungia mabinti zetu mlango usiokuwa na hatari, na ule wenye hatari tunauacha wazi. Binti aliyeolewa ng'ambo, asiye na shangazi wala jirani wa kumpigia hodi, aliyekaa chumba cha juu na watoto wawili katika nchi ambayo mwezi wa Disemba jua lake huchwa kabla ya saa kumi jioni, huyo anadhurika kwa kukaa ndani, na mama yake hapa Mombasa anamsikia katika simu sauti imepungua. Hata miili hudhurika. Madaktari wa huko huwashauri watu wafikirie kumeza vitamini D kuanzia Oktoba mpaka mwanzo wa Machi, na wanaofunika miili yao wakitoka huambiwa waimeze mwaka mzima. Binti huyu wa Bradford amemwalika mama yake mlimani. Mimi katika mwaliko ule nasikia pia ombi.

Kuna jambo jengine ambalo yule jamaa mwenye kusema "mambo ya Wazungu" hakulijua. Hata Wazungu wenyewe, wale wa viwandani, nyika hizi walikuwa wamefungiwa. Zilikuwa milki ya wenye ardhi, waliozihifadhi kwa ajili ya kuwinda ndege, na walinzi wao walikuwa wakiwafukuza wapitao. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vijana wafanyakazi, wengi wao wa Manchester, walipanda mlima wa Kinder Scout, kusini ya Haworth, kwa makusudi na bila ruhusa. Watano walifungwa jela, akiwemo Benny Rothman, kijana wa Kiyahudi mwenye umri wa miaka 20. Ilichukua mpaka mwaka 2000 ndipo Bunge lilipopitisha sheria inayompa kila mtu haki ya kutembea kwa miguu katika milima na nyika za Uingereza zilizoainishwa katika ramani. Sheria haikuuliza dini wala asili. Mama wa Mombasa mwenye viza ya wiki sita ana haki ile ile aliyo nayo mwenye shamba la jirani.

Na Waislamu wako pale chini ya vilima siku nyingi. Bwawa la Mangla lilipojengwa Pakistani katika miaka ya 1960, watu wapatao 100,000 wa upande wa Mirpur walihamishwa, na wengi wao wakaenda kufanya kazi katika viwanda vya nguo vya Bradford na Keighley. Katika sensa ya mwaka 2021, Waislamu walikuwa asilimia 30.5 ya wakazi wa wilaya ya Bradford, na Haworth yenyewe imo ndani ya wilaya hiyo. Hata hivyo mapitio yaliyofanywa kwa amri ya serikali mwaka 2019 yalikiri kuwa watu wengi wa asili za kigeni huziona mbuga na milima ya nchi ile si mahali pao. Sheria imefungua lango, lakini moyo haufunguliwi na Bunge. Unafunguliwa na bibi anayepanda huku amemshika mjukuu mkono, na mjukuu akakua akijua kuwa kile kilima ni chake pia.

Tuingie katika swala.

Mama atakaa Bradford zaidi ya siku nne, na Haworth ni karibu, kwa hivyo hana kupunguza wala kukusanya. Ataswali kamili na kila swala kwa wakati wake. Katikati ya Agosti Adhuhuri huingia baada ya saa saba mchana, Alasiri yapata saa kumi na moja, na Magharibi yapata saa mbili na nusu usiku. Wakitoka asubuhi na kurudi kabla ya saa kumi na moja, swala itakayowakuta nyikani ni moja tu. Ardhi yote imefanywa kuwa msikiti kwa umma huu, kama ilivyo katika hadithi sahihi. Ila uchaguzi wa mahali una kazi yake, kwa sababu nyika ile ina kondoo wengi, na samadi ya kondoo katika madhehebu yetu ya Imam Shafi ni najisi, ingawa wako maimamu walioiona kuwa ni tohara. Atafute jiwe pana au nyasi safi, aangalie nyayo za viatu, kisha atandike.

Udhu ni bora atoke nao nyumbani. Ukimvunjikia, atakutana na kijito, na hapo atashtuka kidogo, kwani maji ya nyika ile ni ya rangi, kama chai ya rangi iliyotiwa majani machache. Asiwe na wasiwasi. Rangi ile imetokana na mboji ambayo maji yamepitia, na maji yaliyobadilika kwa kitu kilicho katika mapito yake au makazi yake, kama udongo au ukoga, yamebaki katika asili yake ya kutoharisha. Wenye kusoma vitabu vidogo vya fikihi madrasa wanaikumbuka mas'ala hii, na nadhani wengi wetu hatujapata kuiona kwa macho. Kutawadhia sawa, lakini kuyanywa asiyanywe, kwani hajui ni mnyama gani amekufia huko juu.

Viatu vya kutembelea milimani vinavyofunika vifundo, vizima, vikivaliwa juu ya udhu, vinaweza kupanguswa badala ya kuosha miguu. Kwake yeye aliye mkaazi ni mchana mmoja na usiku wake, kuanzia pale udhu unapovunjika baada ya kuvaa. Kwa maji yale ya baridi, ataiona rehema ya hukumu hii mara moja. Ama kufuatana na mkwewe, mume wa binti ni maharimu wa mama mkwe daima, kwa hivyo hapana shaka yoyote hapo.

Buibui ni stara, lakini si lazima stara iwe buibui. Upindo mrefu katika tope na upepo utamwangusha. Kanzu pana isiyofika chini kabisa juu ya suruali pana, koti lisilopenya maji na mtandio uliobanwa vizuri, hiyo ni stara kamili.

Watoto ndio waliomtia hofu zaidi, nami namwambia hofu yake aitumie vyema. Waangalie utabiri wa hali ya hewa asubuhi, na radi ikitajwa waahirishe. Wasiiache njia, kwani kando yake yako mahali penye majani mabichi laini ya kuvutia ambapo mguu huzama mpaka gotini. Wakirudi, wawakague watoto miguuni kwa kupe. Na jiko la mishkaki libaki nyumbani. Mboji ikikauka huwaka, na moto hupita chini kwa chini. Mwaka 2018 nyika ya Saddleworth iliungua mpaka askari jeshi wakaitwa, na mwaka uliofuata ikaungua ya Ilkley, ambayo ni jirani na Bradford. Mahamri, viazi vya karai na chupa mbili za chai vinatosha, na vinaepusha taabu ya kutafuta chakula cha halali katika mji wenye mabaa.

Kwa njia, nashauri wachukue gari moshi kutoka Bradford mpaka Keighley, kisha wapande lile la zamani la mvuke linalopanda bonde mpaka Haworth. Reli hiyo ilifunguliwa mwaka 1867, ikafungwa 1962, na watu wa huko wakaifufua wenyewe 1968. Watoto hawataisahau. Kutoka kanisani mpaka maporomoko ya maji ni kama kilomita 4, na njia ina vibao, vyengine kwa Kijapani pia, kwa wingi wa wageni wanaotoka Japani kuja kuona nyika ya mabinti wale. Huko mbele zaidi kuna gofu la nyumba ya shamba liitwalo Top Withens, lakini mama akichoka maporomokoni na akae hapo hapo. Kandokando ya njia watoto watakuta matunda madogo ya buluu iliyoiva, yamkini kama zambarau za kwetu zilizopungua mwili, nayo huliwa. Ulimi utabadilika rangi vilevile.

Kibla nacho kina jambo lake. Sisi wa Mombasa tumezoea kuelekea kaskazini, kwani Makka iko moja kwa moja juu yetu. Kule iko baina ya mashariki na kusini, kwa kuegemea mashariki. Anayekwenda maporomokoni anaelekea magharibi, kwa hivyo atakuwa ameipa mgongo, na wakati ukifika atageuka nyuma, kisha kulia kidogo. Mswala achukue mwepesi, na wajukuu wampe mawe manne ya kuwekea pembe zake, maana upepo wa huko utauchukua kabla hajaleta takbiri.